DRAIVA ILIYOFUNGWA NDANI YA MFUMO HURIA: SOMO KWA MATAWI

Ndugu wafanyakazi wa viwanda na mashamba,

Somo letu safari hii linahusu kompyuta ya tawi. Tunajua wengi wenu mtasema kwamba hayo ni mambo ya vijana wa ofisini, na kwamba sisi tuna mashine za kusokota nyuzi, miwa ya kukata na kahawa ya kuchuma. Tunawaomba mvumilie kidogo. Kompyuta ile imenunuliwa kwa ada zenu. Ndani yake yameandikwa majina yenu, siku mlizoanza kazi, ajali mlizopata, na madai ya fidia ambayo waajiri bado hawajalipa. Chombo kinachobeba mambo mazito kama hayo ni mali ya wanachama wote, na wanachama wote wana haki ya kujua ni nani aliyeshika ufunguo wake.

Swali lenyewe limeletwa na matawi ya Jinja na ya Mbale. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza muda wake wa kuihudumia Windows 10. Windows 11 iliyoifuata haizikubali kompyuta nyingi za zamani, na kompyuta za matawi yetu karibu zote ni za mtumba. Basi matawi yakaambiwa yatupe vyombo vizima na kununua vipya. Vijana wetu wakashauri njia nyingine, yaani kuweka Linux, mfumo huria usiolipiwa. Ushauri huo ni mzuri, nasi tunauunga mkono.

Lakini matawi mengine yalipoweka Linux yaliona kioo cheusi, au maandishi makubwa kama ya bango, au video inayokwama kila hatua. Yakauliza: Je, Linux ni mbovu? Hapana. Mara nyingi tatizo liko katika kitu kimoja kidogo kinachoitwa draiva ya kadi ya picha. Katika somo hili tutaeleza kitu hicho ni nini, kwa nini kampuni nyingine hukifunga, na tawi lifanye nini.

1. DRAIVA NI NINI

Fikirini kiwanda cha nguo. Meneja anataka mita 1,000 za kitambaa. Yeye mwenyewe hajui kuunga uzi uliokatika wala hajui mashine ile inalia vipi inapotaka kuharibika. Agizo lake halina maana mpaka limfikie mfanyakazi anayeijua mashine. Huyo ndiye anayeligeuza agizo kuwa kitambaa.

Ndani ya kompyuta mambo ni hivyo hivyo. Mfumo endeshi, kama Windows au Linux, ndio meneja. Vifaa, kama printa, spika na kioo, ndizo mashine. Draiva ni programu ndogo inayosimama katikati: inapokea agizo la mfumo na kuligeuza kuwa lugha ya kifaa. Jina lake ni lile lile la dereva wa lori. Mwenye lori anaweza kusema miwa ipelekwe Kakira, lakini anayeijua klachi na breki za lori lile ni dereva.

Kadi ya picha ni kifaa kinachochora kila mnachokiona kwenye kioo, kuanzia herufi hadi picha za sinema. Katika kompyuta nyingi za ofisi kazi hiyo imeunganishwa ndani ya prosesa yenyewe. Katika nyingine kuna kadi ya pekee, mara nyingi yenye feni yake. Kampuni tatu ndizo zinazotawala soko la kadi hizo katika kompyuta za kawaida: Intel, AMD na NVIDIA, zote za Marekani. Shikeni majina hayo matatu, maana tofauti zake ndizo somo lenyewe.

2. MFUMO HURIA ULIANZAJE

Kila programu huandikwa kwanza na mtu, kwa maandishi ambayo mtu mwingine aliyesoma kazi hiyo anaweza kuyafuata. Maandishi hayo huitwa chanzo. Baadaye hugeuzwa kuwa namba za mashine, ambazo binadamu hawezi kuzisoma kwa urahisi. Kampuni inayotaka kuficha kazi yake hukupa zile namba tu, na chanzo hukifungia kabatini.

Ugomvi juu ya kabati hilo ulianza na draiva. Huko Marekani, katika maabara ya chuo cha MIT, alikuwako mwandishi wa programu aliyeitwa Richard Stallman. Printa ya zamani ya maabara ilikuwa ikikwama karatasi mara kwa mara. Yeye aliongeza maagizo katika programu yake, ili printa ikikwama watu wanaongojea waarifiwe, mmoja wao aende kuikwamua. Karibu na mwaka 1980 kampuni ya Xerox iliipa maabara printa mpya ya leza. Nayo ilikuwa ikikwama, lakini programu yake ilikuja bila chanzo. Stallman alimwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa na chanzo hicho, akamwomba nakala. Akanyimwa, kwa kuwa mtu yule alikuwa ametia saini ahadi kwa kampuni kwamba hatampa mtu yeyote.

Ndugu, angalieni jambo hili vizuri. Mfanyakazi alikuwa na mashine mbele yake, alikuwa na ujuzi wa kuitengeneza, alikuwa tayari kufanya kazi hiyo bure kwa faida ya wenzake, na akazuiwa na karatasi. Mwaka 1983 Stallman alitangaza mpango wa GNU, wa kuandika mfumo mzima ambao kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo alichokiita Linux. Kazi hizo mbili zikaungana, na maelfu ya watu wa nchi nyingi wakaingia kusaidia.

Msidhani Afrika ilikuwa mtazamaji. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, alianzisha Ubuntu, mfumo wa Linux ambao vijana wetu wengi ndio wanaoutumia. Neno hilo ni ndugu wa neno letu utu, na katika Luganda husemwa obuntu. Mwaka huo huo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupiga hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu chanzo kilikuwa wazi. Hakuna aliyelazimika kwenda kupiga magoti kwenye mlango wa kampuni ili Kiswahili kiruhusiwe.

3. KADI TATU, TABIA TATU

Sasa turudi kwenye kadi za picha. Mfumo uko wazi, lakini kadi imetengenezwa na kampuni. Kampuni isipoeleza namna kadi yake inavyofanya kazi, watu wa Linux wataiandikiaje draiva?

Intel imekuwa ikiandika draiva huria za kadi zake kwa miaka mingi. Draiva hizo zimo ndani ya Linux yenyewe. Ukiweka Ubuntu katika kompyuta ya namna hiyo, kioo huwaka bila kuulizwa neno.

AMD ilichelewa. Mwaka 2006 iliinunua kampuni ya ATI iliyokuwa ikitengeneza kadi za picha, na mwaka 2007 ikatangaza kwamba itatoa maelezo ya kadi zake kwa waandishi wa programu huria. Mwaka 2015 draiva yake mpya iitwayo amdgpu iliingizwa ndani ya kiini cha Linux. Leo kadi nyingi za AMD nazo hufanya kazi bila kuongeza kitu.

NVIDIA ilikwenda njia nyingine. Iliwapa watu wa Linux draiva, tena draiva yenye nguvu, lakini bila chanzo. Wajitolea wakaanza kuichunguza kadi kwa nje, kama fundi anayesikiliza injini bila kuruhusiwa kufungua boneti, wakaandika draiva huria iitwayo nouveau, neno la Kifaransa lenye maana ya mpya. Draiva hiyo iliingizwa ndani ya Linux mwaka 2010. Kwa kioo cha kawaida inatosha. Lakini kuanzia na kadi nyingi zilizotoka tangu mwisho wa mwaka 2014, kampuni iliweka sharti kwamba programu ya ndani ya kadi iwe na muhuri wa kampuni. Bila muhuri huo nouveau haikuweza kuipandisha kadi mwendo, na kadi ikabaki kutembea polepole kama lori lililofungwa kwenye gia ya kwanza.

Mwaka 2012, katika mkutano nchini Finland, Torvalds aliulizwa juu ya NVIDIA. Alisema kwamba katika kampuni zote walizoshughulika nazo hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, akageukia kamera na kunyosha kidole cha matusi. Hatuwafundishi wanachama wetu kujadiliana kwa vidole. Lakini yafaa kujua hasira ile ilitoka wapi.

Mwezi Mei 2022 NVIDIA ilifungua sehemu ya draiva yake, ile inayoingia ndani ya kiini cha Linux, kwa kadi zake za kuanzia mwaka 2018 na kuendelea. Hiyo ni hatua, nasi tunaihesabu. Lakini sehemu ya juu ya draiva bado imefungwa, na kazi nyingine kubwa imehamishiwa ndani ya programu ya kadi yenyewe, ambayo nayo imefungwa. Mwajiri akifungua dirisha moja la ofisi yake, tuseme asante kwa dirisha, lakini tusiandike katika kumbukumbu kwamba amefungua mlango.

4. SIRI INA GHARAMA GANI

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa draiva iliyofungwa inafanya kazi, tena vizuri, tatizo liko wapi? Swali hili ni la haki na linataka jibu la kweli.

Kiini cha Linux hubadilika mara kwa mara, kwa ajili ya usalama na kwa ajili ya vifaa vipya. Anayebadilisha kitu ndani yake ana wajibu wa kurekebisha pia draiva zote zilizomo humo ambazo mabadiliko yake yamezigusa. Hilo linawezekana kwa sababu chanzo chake kiko mbele yake. Draiva iliyo nje haimo katika hesabu hiyo. Inabidi ingojee kampuni yake iifuate. Kampuni ikiifuata, vema. Siku itakapoona kwamba kadi yako ni ya zamani na haina faida tena, itaacha.

Na huacha kweli. Kadi za NVIDIA za ukoo wa Fermi, zilizotoka mwaka 2010, ziliachwa mwisho wa mwaka 2022. Za ukoo wa Kepler, zilizotoka mwaka 2012, ziliachwa mwaka 2024. Mwaka 2025 kampuni ilitangaza kwamba mfululizo wa draiva namba 580 ndio wa mwisho kwa koo za Maxwell na Pascal, zilizoanza kutoka mwaka 2014 na 2016. Kadi hizo hazijafa. Feni zinazunguka na kioo kinawaka. Kilichokufa ni ahadi ya kampuni. Na ndugu, kadi za miaka hiyo ndizo zinazoletwa kwetu ndani ya kompyuta za mtumba.

Wazee wa Jinja hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukavuta viwanda vya nguo, vya shaba na vya chuma katika mji huu. Serikali ya Idi Amin ilipowafukuza Waasia mwaka 1972, mashine hazikupakiwa kwenye ndege. Zilibaki pale pale sakafuni. Vilivyoondoka ni ujuzi uliokuwa mikononi mwa wachache, na njia za kuagiza vipuri, na baada ya muda fedha za kigeni za kuvinunulia. Viwanda vikadorora, na wafanyakazi wakakaa mbele ya mashine nzima ambazo hazikuzunguka. Funzo letu ni kwamba mashine iliyo mbele yako bado si yako kamili, ikiwa ujuzi wake umefungiwa kwa mtu mmoja na mtu huyo anaweza kuondoka au kuondolewa.

Hata hivyo tuseme na upande wa pili. Kadi ya NVIDIA yenye draiva ya kampuni ina kasi kubwa katika kazi za kukata video, kuchora vitu vyenye umbo kamili, na hesabu nzito za akili bandia. Kijana wa tawi anayejifunza kuchora mitindo ya nguo au kutengeneza filamu za elimu ya wafanyakazi anaweza kuihitaji, na kwa kadi nyingi za kati nouveau haitamsaidia. Kwa kazi kama hiyo draiva iliyofungwa ni chombo halali cha kazi. Tunaloomba ni kwamba itumike kwa kujua.

5. NAMNA YA KUFANYA

Maelezo haya ni ya Ubuntu. Msomeeni kijana anayeshika kompyuta, naye awaonyeshe kila hatua.

Kwanza, nakili majalada yote ya tawi kwenye diski ya nje, na diski hiyo ikae kwa mtu mwingine, si pamoja na kompyuta. Mtu asiguse mfumo kabla ya kazi hii kwisha.

Pili, jaribuni Ubuntu kutoka kwenye flashi kabla ya kuiweka ndani. Mfumo huo hukubali kuendeshwa bila kufuta kitu. Tazameni kioo, sauti na intaneti. Kama vyote vinafanya kazi, endeleeni.

Tatu, ijueni kadi yenu. Fungueni dirisha la kuandikia amri, mwandike:

lspci -k

Tafuteni kifungu chenye neno VGA au 3D. Chini yake patakuwa na mstari unaotaja draiva inayotumika. Mkiona i915 au xe, hiyo ni Intel. Mkiona amdgpu au radeon, hiyo ni AMD. Mkiona nouveau, kadi ni ya NVIDIA na draiva ni ile huria ya wajitolea. Mkiona nvidia, draiva ni ya kampuni.

Nne, ikiwa ni nouveau na kazi za tawi zinakwenda, iacheni. Barua, hesabu za ada na orodha ya wanachama hazihitaji kasi zaidi. Kitu kinachofanya kazi yake hakitengenezwi.

Tano, ikiwa kioo kinasumbua au kazi inahitaji nguvu, andikeni:

ubuntu-drivers list

Mtaonyeshwa draiva zinazofaa kadi yenu. Kisha:

sudo ubuntu-drivers install

Kazi hiyo hiyo inaweza kufanywa bila amri, katika dirisha linaloitwa Additional Drivers. Zimeni na kuwasha upya, halafu mwandike nvidia-smi. Likitokea jedwali lenye jina la kadi na namba ya draiva, kazi imekamilika.

Chukueni draiva katika ghala la Ubuntu kama tulivyoeleza, wala msiipakue kwenye tovuti ya kampuni. Ile ya ghala huletwa pamoja na marekebisho ya mfumo, na hupangwa ifuatane na kiini. Ile ya tovuti itawaacha peke yenu kiini kitakapobadilika.

Sita, kompyuta nyingi zina mlinzi aitwaye Secure Boot, anayekataa kuingiza kitu kisicho na muhuri anaoutambua ndani ya kiini. Wakati wa kuweka draiva mnaweza kuombwa mtunge neno la siri. Liandikeni kwenye karatasi. Kompyuta ikiwaka tena italeta ukurasa wa bluu. Chagueni Enroll MOK, mwandike neno lile lile. Watu wengi huuruka ukurasa huo kwa haraka, kisha hulalamika kwamba draiva imewekwa lakini haifanyi kazi.

Saba, kioo kikiwa cheusi baada ya marekebisho, msiogope na msikubali mtu afute diski. Draiva ya picha haigusi majalada yenu. Zimeni, washeni, na wakati kompyuta inaanza bonyezeni Esc, au Shift kwa kompyuta za zamani zaidi, mpaka orodha itokee. Chagueni Advanced options, kisha kiini cha zamani kilicho chini ya kile kipya. Kioo kikirudi, fungueni Additional Drivers na kuchagua nouveau, au draiva nyingine iliyopendekezwa.

Hatua hii ya saba si maneno ya kitabuni. Tawi moja la shamba lilifikwa na kioo cheusi asubuhi ya siku ambayo katibu alihitaji orodha ya waliojeruhiwa kazini, ili aingie nayo kwenye majadiliano ya fidia. Fundi wa mtaani aliyeitwa alisema dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya, akataja na bei yake. Mama mweka hazina alikataa. Alisema ada za watu haziwezi kulipia kufutwa kwa majina ya watu hao hao. Akapigiwa simu kijana mmoja wa Mbale, naye akaielekeza hatua hii kwa mdomo, neno kwa neno. Kiini cha zamani kiliwaka, orodha ikachapwa, na katibu akaondoka nayo mkononi.

6. KABLA YA KUNUNUA

Dawa kubwa kuliko zote iko dukani, kabla fedha hazijatoka. Tawi linaloenda kununua kompyuta liende na watu wawili na flashi yenye Ubuntu. Liulize mambo manne.

Kadi ni ya nani, na ya ukoo gani? Kwa kazi za ofisi, kompyuta yenye picha za Intel au AMD ndani ya prosesa inatosha kabisa, na huepusha sehemu kubwa ya matatizo tuliyoyaeleza.

Ikiwa ni NVIDIA, draiva yake bado inahudumiwa? Muuzaji akisema kadi ni kubwa na ya nguvu, mwulize ilitoka mwaka gani. Nguvu isiyo na draiva ni uzito tu.

Je, muuzaji anakubali kompyuta ijaribiwe kwa flashi hapo hapo kwenye meza yake? Asiyekubali, mwacheni na mali yake.

Je, kazi yetu inahitaji kadi ya pekee? Kama hatuna kazi ya video wala ya kuchora, kadi hiyo inakula umeme, na umeme nao unalipwa kwa ada.

7. MSIMAMO WETU

Katika vikao vyetu kuna mawazo mawili. Wenzetu wengine husema kwamba chama kinachodai mwajiri afungue vitabu vyake vya hesabu hakina uso wa kutumia programu ambayo vitabu vyake vimefungwa. Wengine husema kwamba mwanachama aliyekatika kidole anangojea barua ya fidia, wala haulizi barua imechapwa kwa draiva gani.

Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimeshika kweli, na tunapendekeza hivi. Kazi ya mwanachama ije kwanza. Ikilazimu draiva iliyofungwa, iwekwe, na iandikwe katika daftari la tawi: jina la kadi, namba ya draiva, tarehe, na jina la aliyeiweka. Daftari hilo lisomwe katika mkutano kama hesabu za fedha zinavyosomwa. Na tawi litakaponunua tena, linunue kadi ambayo draiva yake iko wazi. Kampuni husikia lugha ya mnunuzi. AMD haikuanza na milango wazi, na hata NVIDIA, baada ya miaka mingi ya kulaumiwa, ilifungua dirisha.

Jambo la mwisho ni juu ya ujuzi wetu wenyewe. Hatutakuwa tumepata faida yoyote tukiutoa ujuzi kwenye kabati la kampuni na kuufungia kichwani mwa kijana mmoja wa tawi. Kijana huyo ataoa, atahamia Kampala, au atapata kazi Dubai. Kila tawi liwe na watu watatu wanaoweza kufanya hatua saba tulizozitaja, na mmoja wao awe mwanamke, mmoja awe mfanyakazi wa mashine au wa shamba. Wafundishane mezani, mikono kwenye kibodi, kama mnavyofundishana kazi kiwandani.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA TAWI

1. Kompyuta ya tawi letu inatumia kadi ya picha ya kampuni gani, na draiva gani? Nani kati yetu amelihakikisha hilo kwa macho yake?

2. Nakala ya majalada ya wanachama iko wapi leo? Ilinakiliwa lini mara ya mwisho?

3. Katika kiwanda au shamba letu, ni mashine ipi ambayo mtu mmoja tu ndiye anayejua kuitengeneza? Akiondoka kesho, itakuwaje?

4. Je, tawi litumie draiva iliyofungwa kwa kazi ya video za elimu, au lisubiri mpaka lipate kadi nyingine? Toeni sababu za pande zote mbili kabla ya kupiga kura.

5. Wateueni watu watatu wa kujifunza hatua saba, na mpange siku ya somo la kwanza.

Majibu ya swali la kwanza na la pili yaandikwe na kuletwa ofisini kwetu Nalufenya, pamoja na taarifa ya ada ya mwezi.